Piga Namba ya Baba

Tangu aajiriwe, Evodia Chilongani hakuwahi kuchukua likizo ya kwenda kukaa nyumbani. Siku zake za mapumziko zilikuwa zikiishia kwenye semina, au kwenye ripoti ambazo wengine walishindwa kuzimaliza. Lakini mwaka huu mama yake, Paulina, alifanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari akamkataza kuinama mpaka jicho lipone. Karanga nazo huwezi kuzing'oa ukiwa umesimama wima. Shamba lao la Mlali, wilayani Kongwa, lilikuwa limeshakomaa, majani yameanza kunyauka, na Mzee Petro peke yake asingeliweza. Evodia akaomba likizo, na mkuu wake, Bwana Wambura, akamkubalia huku akiguna.

Alikuwa na sababu ya kuguna. Evodia alikuwa mtaalamu wa kutafuta maji chini ya ardhi katika taasisi moja ya umma pale Dodoma. Yeye ndiye aliyetangulia vijijini kabla ya mtambo wa kuchimba. Alitembea juani na vipimo vyake, akaangalia mawe, akawauliza wenyeji mahali ambapo majani hubaki na ubichi wakati wa kiangazi, kisha akasema: chimbeni hapa. Na wiki hiyohiyo aliyoomba likizo, mtambo ulikuwa unaelekea kijiji kimoja cha Chemba, mahali alipopachagua yeye baada ya mabishano makali.

Kijiji hicho kilikuwa na kisima cha zamani karibu na soko, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Chai iliyopikwa nayo ilikatika, maziwa yakaganda kama yamekamuliwa ndimu, na ng'ombe wenyewe waliyanywa kwa kusita. Bwana Wambura alitaka kisima kipya kichimbwe palepale sokoni, ambapo angalau maji yalijulikana kuwapo. Evodia alikataa. Alisema watu wale wamekunywa chumvi vya kutosha, na kwamba nyuma ya kilima, upande wa mashamba ya mtama, kuna mwamba uliopasuka chini kabisa wenye maji baridi, yasiyo na chumvi. Mwisho Bwana Wambura alimwachia, ila akamwambia mbele ya wenzake, "Likitoka vumbi, hilo vumbi ni lako."

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, Jordan wa kitengo cha TEHAMA alipita mezani kwake.

"Dada Evodia, usiondoke bila kuweka jibu otomatiki."

"Jibu gani tena?"

"Mtu akikutumia email, mashine inamjibu yenyewe kwamba hupo. La sivyo anakaa anasubiri, mwisho anakasirika na kwenda kusema kwa mkuu kwamba umemdharau."

Akavuta kiti, akamwonyesha. Unachagua siku ya kuanza na siku ya kurudi. Kisha kuna visanduku viwili: cha juu ni ujumbe wa watu wa ofisini, cha chini ni wa watu wa nje.

"Usiwaandikie sawa," Jordan alimwonya. "Wa nje waambie tu hupo, na wamtafute nani. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

Evodia akaandika kwenye kisanduku cha juu, kwa namna alivyozoea kuzungumza na wenzake:

"Habari zenu. Niko likizo nyumbani Mlali, nang'oa karanga, mpaka mwisho wa mwezi. Kwa habari za kisima cha Chemba mtafuteni Masudi, yuko huko na mtambo. Laini yangu haishiki kule kabisa. Kukiwa na dharura kubwa, pigeni namba ya baba yangu hapa chini, ataniita."

Alikuwa amenakili maneno yaleyale kwenye kisanduku cha chini ili ayapunguze, ndipo Masudi, kijana mwenzake aliyekuwa anaondoka jioni ile kwenda Chemba, alipoingia na ramani mkononi akitaka wapitie mara ya mwisho. Walipomaliza ilikuwa saa ya kufunga ofisi. Evodia akabonyeza kuhifadhi, akazima mashine, akachukua mkoba wake. Kisanduku cha chini hakukikumbuka tena.

Nyumbani walimpokea kwa furaha. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, jicho moja limefunikwa, akimnyooshea mikono bila kuinuka. "Mbukwenyi," alimwamkia kwa Kigogo kama mgeni wa heshima, halafu akacheka mwenyewe. Baba yake alimpokea mkoba na kuuingiza ndani kimya kimya. Mzee Petro hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpenda sana binti yake, lakini kazi yake hakuielewa vizuri. Alijua ni kazi ya maji. Kwa kuwa anakaa mjini na ana kompyuta, Mzee alikuwa ameamua moyoni kwamba mwanawe ni karani wa bili. Jirani yao Silvano alimtania mara nyingi: "Petro, mwambie binti yako asije akatukatia na huku, bomba lenyewe tunalo moja." Mzee Petro alikuwa anatabasamu tu, na utani ule ulikuwa unamkaa rohoni.

Asubuhi iliyofuata Evodia alifunga kanga kiunoni, akaenda shambani na wanawake wawili wa jirani waliokuja kuwasaidia. Mzee Petro alibaki nyumbani na mkewe, simu yake ndogo ya tochi ikiwa kwenye mfuko wa shati. Ikaanza kulia kabla hajamaliza uji.

Wa kwanza alikuwa muuza mabomba wa Dodoma. Aliposikia anaongea na baba, alishangaa kidogo, akaamkia, kisha akaanza kumsifia mzee ubora wa mabomba yake. Mzee Petro alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamwambia, "Haya, nitamwambia. Lakini sasa ana kazi ya karanga."

Wa pili alikuwa msichana.

"Shikamoo. Samahani, naitwa Ruthu, nasoma chuo hapa Dodoma. Nilimwandikia Injinia Evodia, nikapata jibu kwamba nipige hapa."

"Marahaba, mwanangu. Injinia nani?"

"Injinia Evodia. Alikuja kutufundisha siku moja. Tulikuwa tunadhani atakuja na mavitabu, akatutoa nje, akatutembeza kwenye mawe mpaka viatu vikaisha. Alituambia maji unayatafuta kwa miguu kwanza, vipimo baadaye. Nimeamua na mimi nitasomea hiyohiyo."

Mzee Petro aliweka kikombe cha uji chini. "Kwani yeye anatafuta maji?"

"Ndiyo, baba. Hukujua? Visima vingi vya huku kwetu ni yeye aliyeonyesha pa kuchimba."

Mzee alimuuliza kama amekula, akamuuliza na habari za wazazi wake, akamtakia masomo mema. Alipokata simu aliendelea kuishika mkononi.

"Nani huyo?" Paulina aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Mwanafunzi." Kisha, baada ya muda: "Hivi wewe ulijua kwamba Evodia ndiye anayeonyesha pa kuchimba visima?"

"Nilijua. Alinieleza mwaka ule wa njaa."

"Mbona mimi hakunieleza?"

"Alikueleza, Petro. Ulikuwa unahesabu mbuzi."

Evodia aliporudi mchana na kusikia habari za simu, alishika kichwa. Alikumbuka kile kisanduku cha chini. Sasa kila mtu aliyemwandikia, awe muuza mabomba au mwanafunzi, alikuwa anapewa namba ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Nilikosea kuweka. Zima simu upumzike, nikirudi mjini nitarekebisha."

"Nizime kwa nini?" Mzee Petro alisema. "Watu wana adabu. Wananisalimia vizuri."

Kwa hiyo simu haikuzimwa. Siku zilizofuata Mzee alizoea. Alikaa kivulini pembeni ya zizi, akipokea salamu za ofisi na wilaya, na jioni akimweleza binti yake kila kitu kwa mpangilio, bila kuruka jina. Alimwambia mkewe kwamba watu wa serikali wanaongea haraka sana, lazima uwaambie warudie.

Kisha ikaja ile simu ya Bwana Wambura. Ilikuwa katikati ya asubuhi, jua limeanza kuchoma. Sauti ilitoka kwa ukali, bila salamu.

"Evodia! Umeona mambo yako?"

"Evodia yuko shambani," Mzee Petro alijibu taratibu. "Mimi ni baba yake. Wewe ni nani mwenzangu?"

Upande wa pili ukapoa. "Aah. Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ni Wambura, mkuu wake wa kazi. Mzee, namhitaji sana. Mtambo uko Chemba, umechimba mpaka sasa linatoka vumbi tupu. Wageni wa wizara wanakuja wiki hii. Nataka kuuhamisha mtambo uende sokoni, lakini Masudi hataki kuuhamisha bila neno la Evodia, kwa sababu pale ni mahali pake. Mwambie anipe ruhusa tu, basi."

"Ruhusa ya kuhama?"

"Ndiyo."

"Mimi siwezi kukupa ruhusa ya kazi yake," Mzee alisema. "Ngoja niende shambani. Piga tena baadaye kidogo."

"Mzee, ni haraka!"

"Na mimi naenda haraka."

Alichukua fimbo yake. Shamba lilikuwa mteremkoni, ng'ambo ya korongo, na Mzee Petro hakuwa ameenda kwa mwendo ule kwa miaka. Alifika akihema. Evodia alikuwa ameinama katikati ya mistari, anang'oa na kukung'uta udongo, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Mkuu wako anasema ni vumbi tupu," Mzee alisema kabla ya salamu. "Anataka kuhama kwenda sokoni. Nimemwambia siyo juu yangu."

Evodia alisimama. Mzee aliuona uso wa binti yake ukibadilika, si kwa hofu, bali namna mtu anavyotulia anapoanza kufikiri kwa bidii. Alichukua simu kwa vidole vyenye udongo, akampigia Masudi kwanza.

"Masudi, uko hapo kwenye mtambo? Sikiliza. Huo unga unaotoka ni wa rangi gani?"

Sauti ya Masudi ilisikika ikipambana na ngurumo za mashine. "Ulikuwa mweupe kama sembe, dada. Tangu jana ni huohuo."

"Na leo? Usiniambie ya jana. Chukua mkononi sasa hivi, uusugue."

Wakasubiri. Wale wanawake wawili wa jirani waliacha kazi, wakasimama wakisikiliza. Mzee Petro aliegemea fimbo.

"Una wekundu," Masudi alisema. "Kidogo, dada. Kama kutu. Sikuutilia maanani."

"Na chembe zake? Ni laini bado?"

"Hapana. Zimeanza kuwa kubwa, zenye pembe."

Evodia alifumba macho. "Hiyo kutu ni kazi ya maji, Masudi. Mwamba umeanza kupasuka. Usihame. Endelea kushuka, na mkishuka taratibu ni bora zaidi. Mtu yeyote akikuuliza, sema ni mimi nimesema."

"Na mkuu?"

"Mkuu niachie mimi."

Bwana Wambura alipiga muda huohuo. Mzee Petro alisogea hatua mbili ili asiingilie, lakini kila neno alilisikia. Alimsikia binti yake akiamkia kwa heshima, kisha akisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ambayo Mzee hakuwahi kuisikia, tulivu, isiyopanda wala kushuka:

"Hapana, bosi. Hatuhami. Pale sokoni tutapata maji kesho, na watu watayatema keshokutwa. Wageni wakija, waambie ukweli kwamba bado tunachimba. Nimeona dalili na nina uhakika nazo. Ikiwa nimekosea, nitakuja mwenyewe kusimama mbele ya kijiji niseme nimekosea. Lakini leo, hapana."

Alimrudishia baba yake simu, akainamia tena karanga. Mzee Petro alikaa chini, akavuta mche mmoja wa karanga, akaanza kuzichambua.

"Baba, rudi nyumbani, jua kali."

"Nitakaa hapa," alisema. "Wakipiga tena nisipate taabu ya kuja."

Siku ile hawakupiga tena. Jioni Evodia alikula matonge machache tu ya ugali. Mama yake alimwambia, "Wewe umeshasema. Sasa waache wachimbe." Ilikuwa rahisi kusema. Evodia alijua kwamba kutu kwenye unga ni dalili tu, na dalili iliwahi kuwadanganya wataalamu waliomzidi umri.

Kesho yake asubuhi simu ililia Mzee akiwa anafungua mlango wa zizi. Namba hakuifahamu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Haloo! Shikamoo! Namtaka Injinia!"

"Marahaba. Mimi ni baba yake. Nani mwenzangu?"

"Baba yake? Baba yake mzazi?"

"Mzazi."

Mwanamke yule akageuka, Mzee akamsikia akipaza sauti kwa wenzake, "Nimempata baba yake!" na kelele zikazidi. Kisha akarudi. "Baba, mimi naitwa Anjelina, mwenyekiti wa kamati ya maji huku Chemba. Namba yako nimepewa na Masudi. Maji yametoka! Yameruka juu kuliko mtambo wenyewe, yametulowesha wote. Tumeyaonja, baba. Hayana chumvi. Hayana chumvi hata kidogo!"

Mzee Petro alishika mlango wa zizi. Ng'ombe mmoja alipita pembeni yake, akatoka, wala hakumzuia.

"Rudia, mama," alisema. "Taratibu."

Anjelina akarudia taratibu. Akaongeza, "Tulisikia walitaka kuhamisha mtambo, na binti yako akakataa. Mungu akubariki wewe uliyemzaa na kumsomesha. Mwambie tunamsubiri. Na wewe tunakusubiri. Usimtume tu, uje."

Alipokata simu, Mzee alibaki amesimama pale mpaka mkewe akamwita kujua kuna nini. Alipomweleza, Paulina aliinuka kwenye kigoda, akanyoosha shingo, akapiga vigelegele vikali mpaka kuku wakatawanyika.

"Mama Evodia! Jicho!"

"Daktari amenikataza kuinama," Paulina alisema akipumua. "Vigelegele hakunikataza."

Jirani Silvano alitoka kwake akikimbia, akidhani kuna harusi au msiba. Mzee Petro alimweleza mwenyewe, akianzia mwanzo: kisima cha sokoni, chumvi, unga mweupe, unga wenye kutu, mkuu wa kazi aliyetaka kuhama, na binti aliyesema hapana akiwa na udongo mikononi. Alimweleza kwa urefu ambao Silvano hakuwahi kuusikia kutoka kwake. Silvano hakutania. Alisema tu, "Kumbe." Kisha akasema tena, "Kumbe, Petro."

Evodia alipata habari akiwa shambani, kutoka kwa baba yake aliyevuka korongo kwa mara ya pili wiki ile. Alikaa chini juu ya rundo la karanga, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakamcheza. Mzee alimwacha alie. Alikaa pembeni yake, na alipoona ametulia, akamwambia, "Mwenyekiti anasema hayana chumvi hata kidogo."

"Amesema hivyo?"

"Amesema mara mbili. Nilimwambia arudie."

Bwana Wambura naye alipiga mchana, safari hii akaanza na shikamoo. Alimwambia Mzee kwamba wageni wa wizara wameyanywa maji yale kwa mikono, na kwamba ana binti mwenye msimamo. "Mzee, mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Yeye hakukata."

"Nilimsikia," Mzee Petro alijibu. "Nilikuwa nimesimama hapo."

Karanga zilimalizika kung'olewa na kuanikwa. Kabla likizo haijaisha, Masudi aliwapokea Dodoma na gari la ofisi, Evodia na baba yake, wakaenda Chemba. Mzee Petro alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ingawa joto lilikuwa kali. Njiani aliuliza habari za kila kilima, na Evodia akamweleza kila kimoja: huu mwamba ni mgumu, pale maji yako karibu, kule hayafai kwa mtoto mwenye meno mapya, yana madini yanayoharibu meno.

Kijijini waliwakuta watu wamekusanyika kwenye pampu ya muda, ndoo zimepangwa mpaka kwenye mashamba ya mtama. Anjelina, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimshika Mzee Petro mkono na kumtembeza kwa wazee wenzake mmoja mmoja, akimtambulisha. Kisha akampeleka kwenye bomba.

"Baba, wewe ndiye mgeni wetu. Fungua, unywe wa kwanza leo."

Mzee Petro aliliangalia lile bomba, akaziangalia ndoo, akawaangalia watoto waliokuwa wamejipanga na vikombe vya plastiki. Kisha akatikisa kichwa.

"Aliyeyatafuta yupo," alisema. "Mwiteni yeye."

Evodia alikuwa nyuma ya umati, anazungumza na Masudi kuhusu kina cha pampu. Watu walianza kuulizana nani amwite. Mzee Petro hakuwangojea. Alipaza sauti yake kavu ya mchungaji wa ng'ombe, sauti ya kuita kutoka ng'ambo ya korongo, na kwa mara ya kwanza tangu binti yake aanze kazi, akamwita kwa jina ambalo wengine wote walikuwa wakimwita.

"Injinia! Injinia Evodia, njoo!"

Umati ukagawanyika, ukampa njia. Evodia alikuja amenyoosha mgongo, hakuinamisha uso wala hakuharakisha. Alisimama pembeni ya baba yake, akafungua bomba, akakinga maji kwa viganja viwili, akampelekea yeye kwanza.